Mwiba wa volti kwenye autiputi ya dijitali: kutafuta chanzo kwa kufuata dalili

"Fundi, mashine yako inageuza mayai kisha inayarudisha palepale." Ndivyo alivyonisalimu mama mmoja mfugaji wa kuku kutoka upande wa Vurra, asubuhi moja hapa karakanani kwangu Arua, Uganda. Nilikuwa nimemtengenezea kidhibiti cha mashine ya kutotolesha vifaranga. Taimari inatoa palsi moja kila saa, palsi inaingia kwenye kloki ya flipu-flopu ya 74HC74 (chipu, au aisii, inayogeuka juu au chini kila palsi ikifika), na flipu-flopu ndiyo inayoamua trei ilale kushoto au kulia. Wiki moja kabla alikuwa amekuja na shida nyingine: trei iligeuka kabla ya saa yake, hasa rilei ya hita ilipolia. Nikatazama waya wa kloki, nikaona mwiba, yaani mruko mfupi wa volti, nikafanya kama nilivyoona wakubwa wangu wa kazi wakifanya. Nikalehemu kapasita ya 104 (nanofaradi 100) kutoka kwenye autiputi ya geti linaloleta kloki hadi grandi. Mwiba ukapotea machoni, ugonjwa ukazidi.

Hesabu yake ni rahisi, na ilinitia aibu. Geti la HC, familia ya aisii za 74HC, lina ukinzani wa ndani wa kama omu 50. Ukiliunganisha na nanofaradi 100, volti inachukua maikrosekunde 11 hivi kupanda kutoka chini hadi juu. Karatasi ya data ya 74HC74 inataka inputi ya kloki ivuke ndani ya nanosekunde 500 saplai ikiwa volti 4.5. Mimi nikaipa ukingo (mpando au mshuko wa ishara) uliozidi hapo zaidi ya mara ishirini. Kloki ikakaa katikati, wala si juu wala si chini, kelele ndogo ikaitikisa, flipu-flopu ikahesabu mara mbili. Trei kwenda, trei kurudi. Na mayai ya kuku hutakiwa kugeuzwa mpaka siku ya 18 kati ya zile 21.

Tangu siku hiyo sigusi kapasita kabla ya kujua mwiba unatokea lini: kila ukingo, autiputi nyingine zinapobadilika, rilei inapolia, au saketi inapowashwa. Mpangilio wa hapa chini unafuata swali hilo. Tafuta dalili yako, anza na sababu ya kwanza, usiruke.

Kwanza, unaangalia kwa kifaa gani?

Mita haitakuonyesha kitu. Mwiba wa nanosekunde 30 kwake ni kama haukutokea. Osiloskopu ndogo za kujiunganishia kama DSO138, ambazo vijana wengi huanza nazo, mwisho wake ni kilohezi 200. Zitakuonyesha rilei ikichezacheza, lakini mwiba wa geti zitaupita. Kichambuzi cha mantiki cha chaneli 8 kinachosoma mara milioni 24 kwa sekunde nacho hufumbua jicho kila baada ya nanosekunde 42 hivi, na katikati ya hapo ni kipofu.

Kama huna osiloskopu nzuri, tega mtego. Chukua 74HC74 moja. Mguu wa 2, wa 4 na wa 14 upeleke kwenye volti 5, mguu wa 7 grandi. Mguu wa 1 uvute juu kwa rezista ya kiloomu 10 na uwekee kitufe cha kuushusha grandi. Mguu wa 5 upeleke kwenye taa ya LED kupitia rezista ya kiloomu 1. Mguu wa 3 ndio unaougusisha kwenye waya unaoushuku, kwa waya mfupi kabisa. Upande wa pili wa aisii usiuache ukining'inia: miguu ya 10, 11, 12 na 13 iende volti 5, ya 8 na 9 iache. Na 104 yake, kati ya mguu wa 14 na wa 7. Bonyeza kitufe taa izime, kisha subiri. Waya uliotakiwa kukaa chini ukiruka juu hata kwa nanosekunde 20 hivi, taa inawaka na kubaki inawaka. Kwa mwiba unaoshuka kutoka juu, pitisha kwanza kwenye geti moja la 74HC14 ili ugeuke. Vitu vya bei ndogo, na vimenisaidia kuliko vifaa vingi vya gharama.

Onyo moja kabla ya kuendelea, kwa wenye osiloskopu ya kuchomeka ukutani. Klipu ya grandi ya probu imeungana na ethi ya plagi. Ukiibana kwenye sehemu iliyoungana na umeme wa volti 240 utapata mlipuko, na pengine utapoteza mkono. Wapo wanaokata mguu wa ethi wa plagi ili "kutatua" hilo. Wanachofanya ni kulifanya bati lote la kifaa kuwa waya wa umeme. Saketi isiyotengwa na umeme wa ukutani kwa transfoma, usiiguse kwa probu ya kawaida.

Dalili: kila ukingo una mwiba na mawimbi yanayofifia, lakini saketi inafanya kazi

Hii ndiyo naletewa mara nyingi kuliko zote, na mara nyingi mwiba wenyewe haupo.

Sababu ya kwanza ni probu. Ule waya mweusi wa grandi wenye klipu, ukiwa na sentimita 15, una induktansi ya kama nanohenri 150. Ukichanganya na pikofaradi 12 hivi za probu yenyewe ikiwa kwenye x10, unapata kengele inayolia kwa megahezi 120 hivi. Ukingo mkali wa geti unaigonga tu. Jaribio lake halihitaji hata kuzima: gusisha ncha ya probu na klipu yake mahali pamoja, kwenye grandi ileile. Hapo hakuna ishara, kwa hiyo mstari unatakiwa kulala. Kama bado unaona miiba, unachokiona kimeokotwa na kile kitanzi cha waya.

Vua kofia ya probu, vua klipu, zungusha kipande cha waya mtupu kwenye pete ya chuma iliyo karibu na ncha, mwisho wake uguse mguu wa grandi wa aisii ileile unayoipima. Sentimita moja, isizidi mbili. Mara nyingi mwiba wa volti 2 unabaki nusu volti, kazi imeisha. Hakikisha pia swichi ya probu iko x10, maana x1 inaitwisha saketi mzigo wa karibu pikofaradi 100, na kwamba umerekebisha skrubu yake mpaka lile wimbi la mraba la kilohezi 1 la osiloskopu lilale vizuri.

Kama mwiba umebaki, sababu inayofuata ni urefu wa waya. Ukingo wa 74HC ni wa nanosekunde 5 hivi. Waya ukizidi sentimita 20, ishara ikifika mwisho inagonga na kurudi, kama maji kwenye beseni. Weka rezista ya omu 33 hadi 100 mfululizo, na uiweke upande inakotoka ishara, karibu na mguu wa autiputi. Wengi huiweka upande wa kupokea, kisha wanalalamika haisaidii. Ikiwa ni kebo, kila waya wa ishara upate mwenzake wa grandi, wasokotwe pamoja.

Sababu ya tatu ni bredibodi, ubao wa kuchomeka vipande bila kulehemu. Ukanda na ukanda vina pikofaradi chache kati yao, na nyaya za kuruka zimejaa vitanzi. Saketi ya kasi usiihukumu ikiwa juu ya bredibodi. Ilehemu kwanza, ndipo uanze kulaumu.

Je, ukiuacha tu? Kama unaruka chini ya nusu volti juu ya saplai au chini ya grandi, na waya huo si wa kloki wala riseti, mimi huuacha. Ukizidi hapo, dayodi za ndani za aisii inayopokea zinaanza kupitisha mkondo, na kikomo chake kwa HC ni miliampia 20.

Dalili: autiputi iliyotulia inaruka kidogo kila nyingine zinapobadilika

Hapa mwiba ni wa kweli. Mfano wa kawaida: aisii yenye autiputi nane inaendesha tarakimu za ubao wa bei. Saba zinashuka pamoja, ya nane iliyotakiwa kukaa chini inaruka.

Kinachotokea ni kwamba grandi yenyewe imeinuka. Autiputi saba, kila moja miliampia 20, zikibadilika ndani ya nanosekunde 5 kupitia waya wa grandi wenye nanohenri 20 (sentimita mbili tu za waya), zinazalisha volti 0.56 juu ya waya huo. Aisii inaamini iko sifuri, kumbe imepanda juu pamoja na autiputi zake zote.

Angalia kwanza kama kila aisii ina 104 yake, imekaa ubavuni kati ya mguu wa saplai na wa grandi. Nimefungua bodi zenye aisii kumi na kapasita mbili, zote zimepangwa vizuri pale saplai inapoingilia, mbali na wenye njaa. Miguu ya kapasita ndefu kama ya mbu pia ni kosa, ifupishe. Kwenye lango la bodi ongeza kapasita ya maikrofaradi 10 au zaidi.

Kisha fuata grandi kwa kidole. Kama inaruka kutoka aisii ya kwanza hadi ya pili hadi ya tatu kwa uzi mmoja mwembamba, aisii ya mwisho inabeba makosa ya wote. Lehemu waya mnene kutoka kwenye lango hadi katikati ya bodi, na mwingine hadi mwisho. Jaribio la haraka: kwa kipande kifupi cha waya unganisha grandi ya aisii yenye shida na grandi ya aisii inayopokea. Mwiba ukipungua hapohapo, umempata mwizi.

Baada ya hayo ndipo uifikirie kebo bapa ambayo nyaya zake zinaambukizana. Weka grandi kati ya kila ishara mbili, au angalau pembeni mwa kloki. Na sababu ya mwisho, isiyo ya kawaida lakini inayochosha: mtu amebadilisha aisii akaweka ya jamaa ya kasi zaidi. Dukani umeomba 74HC244, ukapewa 74AC244, muuzaji akakuambia ni kitu kimoja. Miguu ni ileile, ila kingo za AC ni kali mara kadhaa, na bodi iliyokuwa kimya inaanza kupiga kelele. Soma herufi za katikati kabla ya kulipa.

Dalili: palsi fupi, urefu kamili hadi volti 5, kila inputi zinapobadilika

Ukiona mwiba umesimama wima, una kichwa bapa, na urefu wake ni wa mantiki kamili, acha kapasita mfukoni. Huo si uchafu. Geti limefanya hesabu sahihi juu ya inputi ambazo hazikufika pamoja.

Chukua kaunta ya mnyororo kama 74HC4040 au 74LS93, ambayo kila hatua inaamshwa na iliyotangulia. Kutoka 7 kwenda 8 tungependa iruke mara moja, 0111 iwe 1000. Inavyokwenda hasa ni 0111, kisha 0110, kisha 0100, kisha 0000, ndipo 1000. Kwa nanosekunde chache chache, kaunta imesema 6, ikasema 4, ikasema 0. Ukiwa umefunga dikoda ya 74HC138 hapo, aisii inayochagua autiputi moja kufuata namba iliyoingia, autiputi ya 6, ya 4 na ya 0 zitachomoza kidogo kila mara. Ukiwasha taa tu, jicho halioni. Lakini ukichukua autiputi ya 0 kuipeleka kwenye riseti au kloki ya aisii nyingine, saketi itakuwa na majini. Kijana mmoja wa chuo alinijia na saa ya ukutani iliyokuwa inajirudisha sifuri ikifika dakika fulani, na alikuwa tayari amebadilisha saplai mara mbili.

Kutofautisha na kelele, punguza kloki mpaka palsi moja kwa sekunde. Kama mwiba bado upo, mahali palepale, upana uleule, ni mbio za mageti. Unaweza pia kuondoa rilei, mota na kila kitu kizito: mwiba wa mbio haujali.

Tiba nyepesi: kama aisii ina mguu wa kuiruhusu, kama ilivyo kwa 74HC138, iruhusu tu baada ya inputi kutulia. Tiba ninayoipenda ni kuweka flipu-flopu mwishoni mwa mantiki na kuipa kloki wakati kila kitu kimeshatulia. Kwa kaunta, hamia 74HC163, ambayo hatua zake zote hubadilika kwa kloki moja. Hata hapo, dikoda iliyo mbele yake inaweza kutoa vimwiba vidogo, kwa sababu hakuna geti mbili zenye mwendo sawasawa. Usitumie autiputi ya dikoda kama kloki. Kwa saketi ya mageti machache, unaweza kuongeza geti la ziada linaloshika autiputi wakati inahamishwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Ni njia halali, lakini ukishaifanya mara tatu kwenye bodi moja, ujue mchoro unataka kuanzwa upya.

Dalili: mwiba, riseti au hesabu ya uongo rilei inapolia

Hapa ndipo alipokuwa mama wa mayai, na hapa ndipo walipo wengi wa wateja wangu: pampu za maji, hita, vinu vya posho vyenye kontakta (rilei kubwa ya mizigo mizito).

Usianze kubadilisha vitu. Gawanya tatizo kwa majaribio mawili. Zima umeme wote, chomoa waya wa mzigo wa volti 240 kwenye miguu ya rilei, uuzibe vizuri kwa tepu. Washa upande wa volti ndogo tu, acha rilei ilie peke yake mara hamsini. Kama hitilafu imepotea, chanzo ni cheche za mzigo. Kama ipo, chomoa koili ya rilei na uweke rezista yenye ukinzani sawa na wa koili hiyo. Rilei ndogo nyingi za volti 12 zina koili ya omu 400. Ikipotea sasa, ni mkurupuko wa koili. Ikibaki hata hapo, ni saplai au grandi.

Kwa koili: mkondo wa koili hukataa kukatika ghafla, na bila njia ya kupita huinua volti hadi mamia. Dayodi ya 1N4007 sambamba na koili, upande wenye mstari uelekee chanya, inaishusha hadi chini ya volti moja juu ya saplai. Ukitumia ULN2003, aisii ya kuendeshea rilei, dayodi zimo ndani, ila zinafanya kazi tu ukiunganisha mguu wa 9 kwenye chanya ya rilei. Mguu huo ndio unaosahaulika. Kwenye bodi ya mama, mimi mwenyewe nilikuwa nimeuacha hewani.

Kwa grandi na saplai: mkondo wa rilei usirudi kupitia grandi ya mantiki. Peleka grandi ya ULN2003 kwa waya wake moja kwa moja hadi kwenye kapasita kubwa ya saplai, na ya mantiki kwa waya mwingine, zikutane hapo tu. Pima pia saplai ya volti 5 rilei inapovuta: rilei ndogo ya volti 5 inakula kama miliampia 70, nne zikivuta pamoja chaja dhaifu ya simu inazama. Hapo mwiba unaouona unaelekea chini, kwenye saplai yenyewe, na hakuna dayodi itakayouponya.

Kwa cheche za mzigo: kontakta na mota hutupa kelele hadi bodi ilipo. Dawa ni rezista ya omu 100 ya wati 2 mfululizo na kapasita ya nanofaradi 100 iliyoandikwa X2 na volti 275, vikiwekwa sambamba na koili ya kontakta, kule iliko. Kapasita ya kawaida iliyoandikwa volti 400 ya DC haifai hapa. Siku ikifa itakufa ikiwaka. Ukiviweka kwenye miguu ya rilei badala ya koili, kumbuka kwamba miliampia 7 au 8 zitapita hata rilei ikiwa imezimwa. Taa ndogo ya LED inaweza kubaki inawaka hafifu, na anayegusa upande wa mzigo akidhani umezimwa atakumbushwa.

Hapa pia ndipo pa kusimama. Kama hujawahi kufanya kazi ndani ya boksi la kontakta, hasa la fezi tatu, mwite fundi wa umeme mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme. Ndani ya saplai za kisasa zisizo na transfoma nzito, kapasita kubwa inashika karibu volti 340 hata baada ya kuchomoa plagi. Usiifungue kwa sababu tu umesoma makala.

Dalili: pampu au taa inashtuka wakati wa kuwasha

Fupi. Miguu ya maikrokontrola huwa imeachiliwa wakati wa riseti, haivuti juu wala chini, kwa hiyo transista au mosfeti iliyo mbele yake inajiamulia. Weka kiloomu 10 kutoka geti la mosfeti hadi grandi. Kwenye Arduino Uno usiweke rilei mguu wa 13, maana programu ya kuanzishia huupepesa kila inapowaka. Flipu-flopu nazo huamka upande wowote zinaotaka, zipe riseti ya rezista na kapasita ikipitia 74HC14.

Dalili: autiputi inatetemeka mkono ukisogea

Kuna inputi inayoning'inia. Hesabu miguu yote ya inputi ya aisii, pamoja na ya mageti usiyoyatumia, na kila mmoja upeleke grandi au volti 5. Kwa HC hilo si hiari. Nimeona mtu akinunua osiloskopu kwa sababu ya mguu mmoja.

Dalili: miiba huja na welda ya jirani, jenereta au mvua

Ikiwa una sensa kwenye waya mrefu, tuseme floti ya tangi mita 30 kutoka kwenye bodi, huo waya ni antena. Kwenye mlango wa bodi weka kiloomu 1 mfululizo, nanofaradi 10 kwenda grandi, kisha geti la 74HC14. Hapa kapasita ina haki yake, kwa sababu 74HC14 imeumbwa kuvumilia ukingo wa polepole na kuutoa ukiwa mkali. Hilo ndilo nililolikosa kwenye kloki ya mama. Kama bado, itenge kabisa kwa optokapla kama PC817, inayopitisha ishara kwa mwanga, na nyaya zake zisokotwe, zisilale ubavuni mwa waya wa pampu.

Waya unaopita nje, juu ya paa au mtini, msimu wa radi ni hatari ya aina nyingine. Mvua za Agosti zikianza kunguruma, chomoa sensa na plagi, usipime chochote. Kulinda jengo dhidi ya radi kunataka ethi iliyopimwa na kifaa cha kukata mruko kwenye boksi kuu, na hiyo ni kazi ya fundi umeme aliyeidhinishwa.

Lini uzime papo hapo

Weka kidole juu ya aisii. HC isiyo na mzigo haitakiwi hata kuwa vuguvugu. Ikichoma, na haipoi hata ukiondoa ishara, mwiba umeshaifungulia njia ya ndani kati ya saplai na grandi. Haijirudishi yenyewe. Kata saplai sasa hivi, hesabu mpaka thelathini, washa tena ukipima mkondo. Ikiendelea kuchoma, ibadilishe, pamoja na ile inayoiongoza ukiwa na shaka. Harufu ya kuungua, kapasita iliyovimba kichwa, au fyuzi iliyokatika mara ya pili navyo ni vya kuzima, wala si vya kuweka fyuzi kubwa zaidi.

Bodi ya mama ilinichukua nusu saa. Niling'oa ile 104 yangu, nikaunganisha mguu wa 9 wa ULN2003, nikavuta waya mpya wa grandi hadi kwenye saplai. Mtego wa 74HC74 niliuacha ndani ya boksi kwa siku tatu, taa yake nyekundu ikitazama nje, nikamwambia anipigie ikiwaka. Siku ya nne alipiga. "Fundi, haijawaka. Sasa hii taa niitoe ama niiache?" Nikamwambia aiache.